Kiazi ni shina, sio mzizi: nilichokiona nikifukua kiazi pori Arizona

Nimekulia Njombe, kwa hiyo kwangu viazi mviringo vilikuwa kazi ya mgongo kabla havijawa chakula. Asubuhi ukungu bado umelala, umeinama na jembe unapandishia udongo kwenye tuta, na bibi yuko mstari wa nyuma anapita anakagua. Akikuta sehemu umeiacha wazi anasimama, anaonyesha kwa kidole kamba fulani nyeupe imechungulia ubavuni mwa tuta, anakwambia "hii ukiiacha ikaona jua itatoka majani, funika mjukuu wangu." Basi nafunika. Miaka yote ile nilifunika na sikuwahi kuuliza inakuwaje mzizi utoke majani.

Maana mi nilijua ni mzizi. Kiazi nilikiweka kapu moja na muhogo na kiazi kitamu, vitu vinavyonenepa chini ya ardhi, mizizi, basi. Shuleni mwalimu alisema kiazi mviringo ni shina, nikaandika kwenye daftari, nikajibu kwenye mtihani nikapata maksi zangu, ila kuelewa sikuelewa, nilikariri tu. Nilikuja kuelewa nina miaka thelathini na kitu, mbali kabisa na nyumbani, nimepiga magoti kwenye vumbi na kijiko cha chai mkononi.

Nilikuwa naishi Flagstaff, Arizona, kwa ajili ya masomo. Mji uko juu, zaidi ya mita 2,000, na baridi yake ya asubuhi inafanana fanana na ya Njombe, nadhani ndo maana nilipazoea haraka. Nje kidogo ya mji kulikuwa na mama mmoja mtu mzima sana ambaye alikuwa ananikaribisha kwake wikiendi, ana kipande cha ardhi kimejaa misonobari mifupi na mireteni, ardhi kavu, mawe mawe, sio sehemu ungetegemea kuona kitu cha shambani. Mwezi wa saba, mvua za huko zimeanza (kwao mvua inakuja katikati ya joto), natembea nyuma ya nyumba nikaona majani chini ya mti nikasimama. Majani ya kiazi. Madogo, mmea mzima haufiki hata nusu ya goti, lakini ni yale yale, na ua jeupe lenye ncha kama nyota na kitovu cha manjano. Jamani, ilikuwa kama umekutana na ndugu yako stendi ya nchi ya watu, hamjaonana miaka na hakuna aliyekwambia kwamba yuko huko.

Mama akasema hicho ni kiazi pori, alikikuta hapo alipohamia. Jina lake la kitaalamu ni Solanum jamesii. Mimi nikamwomba nifukue mmoja tu nione chini kukoje, akaniangalia kidogo, akasema sawa, mmoja, na taratibu. Akaniletea kijiko na brashi ya kupakia rangi.

Kitu cha kwanza kukutana nacho ni mizizi kweli, myembamba, ya kahawia, imetawanyika kama nywele, hiyo haina ubishi. Ila ubavuni mwa shina, ile sehemu iliyofukiwa, zilikuwa zinatoka nyuzi nyeupe nne, nene kidogo kuliko uzi wa kushonea viatu, na zenyewe haziendi chini kabisa, zinaenda mlalo, kila moja na upande wake, kama watu wanne waliotoka nyumba moja wakaachana mlangoni. Nikachagua mmoja nikaufuata. Lisaa lizima nafuta vumbi kwa brashi, sentimita kwa sentimita, uzi unapita chini ya jiwe, unazunguka mzizi wa mreteni, unaendelea, mpaka nikatoka nje ya kivuli cha mti, zaidi ya mita moja toka kwenye shina na bado haujaisha. Na njia nzima, kila baada ya sentimita tatu nne, kuna kifundo. Kwenye kifundo kuna gamba dogo linang'aa, na kwenye kwapa la lile gamba kuna kitumba kama kichwa cha pini. Mwisho kabisa ncha yake imejikunja kama ndoano ya kuvulia samaki, nyeupe pe. Kiazi hakuna.

Nilikaa nikaangalia ile ndoano kwa muda mrefu. Kifundo, gamba, kitumba. Mzizi hauna hivi vitu hata siku moja, mzizi ni uzi mtupu na vinywele vyake. Kifundo na kitumba ni mambo ya tawi. Lile gamba ni jani, jani ambalo liko gizani kwa hiyo halijajisumbua kukua, na kile kitumba ndo pale ambapo tawi lingine lingetokea. Ule uzi ulikuwa tawi zima la mmea lililoamua kwenda chini ya ardhi na kutembea kimlalo. Na tawi likiona jua linafanya nini? Linatoka majani. Nilimsikia bibi kabisa, sauti yake na ukungu wake.

Wataalamu ule uzi wanauita stoloni. Mi nitaendelea kuuita uzi hapa maana ndivyo ulivyo.

Sasa kabla sijaendelea nenda jikoni chukua kiazi, kile kilichoanza kuchipua kidogo ndo kizuri zaidi. Upande mmoja kina kakovu kadogo kamedidimia, hapo ndo uzi ulikuwa umeshika. Upande wa pili macho yamesongamana. Ukiangalia jicho vizuri utaona lina kamstari juu yake kama nyusi, hiyo nyusi ni kovu la lile gamba, lile jani, na ndani ya jicho ndo kuna vile vitumba. Chukua njiti za meno uchomeke moja kwenye kila jicho, anzia kwenye kovu la uzi uende mpaka upande wenye macho mengi, alafu pitisha uzi wa kushonea toka njiti hadi njiti. Itazunguka. Inapanda kwa kuzunguka kiazi kama ngazi, vile vile majani yanavyopanda kwa kuzunguka kwenye shina la juu. Kiazi ni kipande cha tawi kilichofupishwa na kuvimba, majani yake yamebaki nyusi. Na kikikaa juani kinageuka kijani kwasababu hiyo hiyo, ni shina, lina uwezo wa kutengeneza ukijani (hicho cha kijani usile, sumu yake inapanda humo humo). Tangawizi nayo ni shina, manjano nayo pia. Kiazi kitamu na muhogo vyenyewe ni mizizi kweli, kiazi kitamu hata ukoo ni mwingine kabisa. Ndugu wa kiazi mviringo ni nyanya, bilinganya, pilipili, mnavu, tumbaku.

Nikamuuliza yule mama mbona hakuna viazi. Akasema umewahi mno, njoo mwezi wa tisa ukiisha.

Nikaenda. Majani yalikuwa yameanza kuwa ya njano, mengine yamelala chini. Nikafukua mmea mwingine jirani na ule wa kwanza, safari hii nilijua njia, sikuharibu kitu. Uzi ule ule mrefu, vifundo vile vile, ila pale mwisho ndoano haipo. Pale kuna kiazi, cha mviringo, kikubwa kama zabibu, ngozi nyembamba kiasi kwamba ukisugua kwa kidole inatoka. Kwenye nyuzi nyingine vilikuwa saizi ya punje ya njegere. Nilihesabu kumi na moja kwenye mmea mmoja, vyote ukivikusanya havijazi kiganja. Kimoja kilikuwa bado katikati ya kubadilika na hicho ndo nilikaa nacho zaidi, maana ndoano ilikuwa bado inaonekana kwa mbali pale mbele, alafu nyuma yake tu, kama nusu sentimita, uzi ulikuwa umeanza kuvimba, kama mtu aliyejaza hewa shavuni. Kumbe kiazi hakianzii kwenye ncha, kinaanzia nyuma kidogo ya ncha. Seli za pale zinaacha kurefuka, zinaanza kupanuka na kugawanyika kwenda pembeni, alafu sukari inayoshuka toka kwenye majani inageuzwa wanga na kuwekwa pale.

Kati ya mwezi wa saba na wa tisa kitu gani kimetokea? Hapa ndo penye utamu wote, tuelewane taratibu.

Usiku umerefuka. Basi. Flagstaff mwishoni mwa mwezi wa sita mchana unakaribia masaa kumi na nne na nusu, kufika mwisho wa mwezi wa tisa mchana na usiku vimelingana. Viazi vya asili ya Andes, ile milima ya Amerika Kusini, na vya porini kwa ujumla, vinasubiri usiku mrefu. Na havihesabu mchana, vinahesabu giza. Watafiti waliviweka kwenye vyumba vya usiku mrefu alafu katikati ya usiku wakawasha taa muda mfupi tu, wakazima. Giza likawa limekatwa vipande viwili na mmea ukajiona uko kwenye usiku mfupi, viazi havikutoka.

Kinachoshangaza ni nani anayehesabu. Uzi uko chini gizani saa zote, hauna namna ya kujua usiku umefika saa ngapi. Anayehesabu ni jani. Hili lilijulikana kwa kubandikiza: unachukua kikonyo cha mmea uliokaa kwenye usiku mrefu, unakibandika juu ya mmea ambao umekaa kwenye usiku mfupi, na ule wa chini unaanza kutoa viazi. Kuna mtaalamu wa Urusi ya Kisovieti, Mikhail Chailakhyan, huyu tangu miaka ya 1930 alikuwa anasema majani yanatengeneza ujumbe fulani unaosafiri kwenda kuamrisha maua, akaupa jina florigeni. Miaka mingi baadae yeye na wenzake wakabandika tumbaku juu ya kiazi. Tumbaku! Ilipofika hali ya tumbaku kutaka kuchanua, kiazi kilichoko chini kikatoa viazi. Yaani ujumbe wa "toa maua" wa mmea mmoja, mwingine ulisoma "toa kiazi."

Ujumbe wenyewe ulikuja kujulikana mwaka 2011, timu ya watafiti huko Hispania akiwemo Salomé Prat walionyesha kwamba ni protini inaitwa SP6A, inatengenezwa kwenye jani, inashuka kwenye mirija ile ile inayoshusha sukari, inafika kwenye ncha ya uzi. Ni ndugu wa damu wa ile protini inayoamrisha maua, na kiazi kina zote mbili, moja ya kupanda juu kwenye maua na nyingine ya kushuka chini. Kukiwa na usiku mfupi jani linaizuia SP6A isitengenezwe, usiku ukirefuka kuna kizuizi kinaondoka na ujumbe unashuka. Kule chini kuna homoni inaitwa jiberelini ambayo ndo inafanya uzi uzidi kurefuka, ujumbe ukifika ile homoni inapungua pale kwenye ncha, uzi unasimama, unavimba. Mmea umesikia baridi inakuja kabla baridi haijafika.

Nilipofika hapo nikafikiria Njombe. Kwetu usiku ni kama masaa kumi na mbili mwaka mzima, haupishani sana, kwa hiyo majani ya kiazi kwetu muda wote yanasoma usiku wa kutosha na kazi inaanza mapema. Vile vya kutoka Andes vilipofika Ulaya karne ya 16 vilikutana na mchana mrefu usioisha, vinakaa majani matupu mpaka vuli, karibu na barafu, ndo vianze kushika viazi. Watu wa huko wakawa wanachagua mbegu toka kwenye michache iliyowahi, mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2013 ikaonekana hasa kilichokuwa kinachaguliwa: aina za jeni moja inaitwa CDF1, ambayo kwenye viazi vinavyowahi imekatika kipande, kile kipande kinachofanya ivunjwe vunjwe mchana. Jeni iliyokatika inafanya jani liamini usiku ni mrefu hata kama sio. Viazi vingi vya Ulaya vimejengwa juu ya hicho kipande kilichokatika.

Sasa asili yake hasa. Viazi pori viko zaidi ya aina 100, vimesambaa toka kusini magharibi mwa Marekani, vinapita Mexico, vinashuka milima ya Andes hadi Chile, Argentina na Uruguay. Kipo kimoja, Solanum acaule, kinaishi juu kabisa Peru na Bolivia, zaidi ya mita 4,000, kimelala chini kama sahani kwa ajili ya barafu, hakina hata shina la kusimama. Mexico kuna Solanum demissum ambacho wakulima duniani wanakidai shukrani, maana jeni zake zilichukuliwa kusaidia viazi vya shambani kupambana na ugonjwa wa ukungu, ule unaounguza shamba ndani ya wiki, na aliyewahi kuona ugonjwa huo Njombe msimu wa mvua anajua naongelea nini. Wakechua wa Peru viazi pori wanaviita atoq papa, viazi vya mbweha. Na kituo cha kimataifa cha viazi, CIP, kipo Lima tangu 1971, kinatunza mbegu za vya shambani na vya porini (wana ofisi mpaka Nairobi).

Ila kiazi cha kwanza kabisa kilitoka wapi? Mwaka 2025 ukatoka utafiti wa Wachina wakishirikiana na wengine akiwemo Sandra Knapp wa makumbusho ya historia asilia London, na mi niliusoma usiku mmoja sikulala. Kuna kikundi cha mimea huko Chile wanakiita Etuberosum. Ukiiona utaapa ni kiazi, majani ni hayo, maua ni hayo, chini ina mashina yanayotambaa, ila kiazi haina. Miaka mingi watu walikuwa hawaelewi, maana inafanana na kiazi lakini kwenye jeni nyingine kiazi kiko karibu zaidi na nyanya. Jibu likawa kwamba viazi vyote, vya porini na vya shambani, vimetokana na tukio la kuchanganyika kati ya ukoo wa nyanya na ukoo wa Etuberosum, miaka kama milioni 8 au 9 iliyopita, wakati Andes bado inainuka. Ile SP6A, ya ujumbe toka kwenye jani, asili yake upande wa nyanya. Nyingine inaitwa IT1, ambayo iko kule kwenye uzi na inauambia uwe kiazi badala ya kuwa tawi, asili yake upande wa Etuberosum. Waliwahi kuizima hiyo IT1 kwenye kiazi na nyuzi zikageuka matawi.

Tumezoea kusema mtoto wa nyoka ni nyoka. Huyu baba hana kiazi, mama hana kiazi, kila mmoja ana nusu ya maneno na nusu hiyo peke yake haina maana, wakakutana na mtoto akazaliwa na kitu ambacho hakijawahi kuwepo kwenye ukoo wowote. Na kwasababu ana kiazi, hata asipopata mbegu msimu huo, hata juu kukaungua na barafu, chini kumebaki kitu. Akaweza kupanda milima iliyokuwa inainuka akakaa huko.

Watu nao waliviona mapema. Kaskazini ya pale nilipokuwa, Utah, karibu na mji wa Escalante, Lisbeth Louderback na Bruce Pavlik wa chuo kikuu cha Utah mwaka 2017 walitangaza kwamba wamekuta chembe za wanga wa kile kile Solanum jamesii kwenye mawe ya kusagia, za zamani zaidi zikiwa na miaka kama 10,900. Walowezi walipofika bonde lile karne ya 19 waliliita Bonde la Viazi. Wahopi, Wazuni na Wanavajo, wenyeji wa asili wa kusini magharibi mwa Marekani, walikuwa wanavila pamoja na udongo maalum unaoshika ule uchungu, na wenzao wa Andes, bila kuwasiliana, nao wanakula viazi vichungu na udongo. Nililamba kile cha saizi ya zabibu baada ya kukikata, uchungu ulikaa nyuma ya ulimi mpaka jioni.

Kitu ambacho wakulima wa Andes walikifanya kwa maelfu ya miaka, mbali ya kupunguza uchungu na kuongeza ukubwa, ni kufupisha uzi. Hiki huwa hakisemwi na mi naona ndo kikubwa kuliko vyote. Kiazi cha shambani kinakaa chini ya mguu wa mama yake, unachoma jembe mara moja unapata kichaka kizima. Ukitaka kukusanya viazi pori inabidi ufanye nilichofanya mimi, lisaa kwa uzi mmoja. Kila bibi wa Andes aliyeweka mbegu toka kwenye shina lenye viazi vya karibu alikuwa anakata uzi kidogo, na mwingine baada yake, mpaka ukawa kama ulivyo Njombe, urefu wa kidole, unaukata bila hata kuuona. Ndo maana sikuwahi kuuona.

Vile viazi kumi na moja, ukitoa kile nilichokikata, yule mama aliniambia nivirudishe, na nirudishe kila kimoja pale pale nilipokitoa, sio kuvirundika pamoja. Nilichomeka vijiti vidogo kuweka alama. Mwaka uliofuata mwezi wa saba nilipita kuaga maana masomo yalikuwa yanaisha. Pale palipokuwa na ule mmea hapakuwa na kitu, udongo mtupu na sindano za msonobari. Mita moja na kitu kuelekea nje ya kivuli, kando ya kijiti changu, kulikuwa na shina dogo lina majani matano, na jingine upande wa pili wa mreteni, na la tatu limetokea kati ya mawe mawili. Mama akaleta maji kwenye kopo, nikamwagia.